Namna ya kuseti kabureta ya pikipiki ndogo ya motokrosi iliyoongezwa nguvu

Pikipiki ndogo ya motokrosi ikishafungwa silinda kubwa, kemshafti kali, ekzosi iliyo wazi au eya klina isiyo na boksi, hewa inayoingia kwenye injini si ile tena ambayo kabureta ilisetiwa kiwandani. Hapo ndipo watu wengi huanza kuzungusha skrubu ya hewa. Wanaizungusha ndani, wanaizungusha nje, sailensa (mzunguko wa injini mkono ukiwa umefungwa) inapanda na kushuka, na wakienda kuijaribu kwenye mwinuko inakohoa vilevile. Skrubu haina kosa. Kazi yake ni sailensa na mwanzo wa kuvuta mafuta tu, na tatizo lao lilikuwa kwenye nusu mkono au mkono wote, yaani mkono wa mafuta ukiwa umevutwa nusu au hadi mwisho.

Kabla ya kushika bisibisi jiulize: inakosea nikiwa nimevuta mafuta kiasi gani? Usijali ni gia ya ngapi wala spidi ngapi. Kila kipande cha kabureta kina sehemu yake ya mkono, na ukishajua sehemu inayokosea umeshajua kipande cha kugusa. Fundi anayeuliza swali hili kwanza hufungua kabureta mara chache sana kuliko yule anayeanza na spana.

Ninachoeleza hapa ni cha injini za stroku nne zenye silinda moja iliyolala, ukoo wa Honda CRF50F na zile za kuanzia 110 hadi 160 cc zilizofuata muundo huohuo, zenye kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya mdomo wa kabureta ukivuta mkono) kama Mikuni VM au Keihin PWK. Stroku mbili nimeziwekea sehemu yake mwishoni, maana kosa lake ni ghali zaidi.

Ukubwa wa kabureta kwanza

CRF50F inatoka kiwandani na pistoni ya milimita 39 inayotembea milimita 41.4, yaani 49 cc, na kabureta yenye mdomo wa milimita 13 tu. Funga pistoni ya milimita 52 bila kugusa kranki na unapata 88 cc. Injini hiyo sasa inataka karibu mara 1.8 ya hewa ya awali kila inapovuta, na mdomo wa milimita 13 unaibana. Ndiyo maana wenye 88 cc wengi huhamia kabureta ya milimita 20.

Tatizo linaanza pale mtu anapoona 20 ni ndogo akafunga 26 kwa sababu ya sifa. Kabureta huvuta mafuta kwa mwendo wa hewa inayopita juu ya jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta. Mdomo ukiwa mpana kuliko mahitaji ya injini, hewa inapita polepole, mafuta hayapandi vizuri, na ukivuta mkono ghafla injini inazama kabla ya kuamka. Hilo haliponi kwa jeti yoyote. Kati ya kabureta iliyo ndogo kidogo na iliyo kubwa kidogo, mimi nachukua ndogo: utapoteza nguvu kidogo kule juu kabisa kwenye mizunguko mikubwa, lakini pikipiki itaendesheka kona nzima.

Hakikisha kweli ni kabureta

Sehemu hii inachosha, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kagua kwa mpangilio huu.

Valvu: injini ikiwa ya baridi, CRF50F na ndugu zake wengi hutaka nafasi ya milimita 0.05 kwa valvu zote mbili. Kemshafti mpya inaweza kuja na kipimo chake, basi fuata hicho. Valvu iliyobanwa isiyofunga vizuri itakupa sailensa mbovu ambayo hakuna skrubu itakayoitengeneza.

Plagi: safi, namba ya joto inayofaa injini hiyo, nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7.

Hewa ya wizi: hii ndiyo adui mkubwa wa injini zilizoongezwa nguvu, kwa sababu manifoldi mpya (bomba linalounganisha kabureta na silinda), gasketi mpya na kabureta mpya mara nyingi havikai sawasawa. Washa injini, iache kwenye sailensa, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya manifoldi na silinda, kisha manifoldi na kabureta. Mlio ukibadilika tu, hata kwa sekunde moja, hewa inapenya hapo. Wapo wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta mahali pale. Inaonyesha haraka, lakini juu ya injini ya moto hiyo ni njia fupi ya kuchoma pikipiki na mikono. Maji yanatosha. Dalili nyingine ya hewa ya wizi ni sailensa inayobadilika kila siku: leo iko juu, kesho inazima, na hujagusa kitu.

Mafuta kushuka: chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, elekeza kwenye chombo, fungua koki. Yatoke mfululizo bila kusita. Yakianza vizuri kisha yakawa matone, angalia tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi na chujio ndani ya koki. Pikipiki inayokwenda vizuri mkono wote kwa sekunde chache kisha ikakata, na ukiachia kidogo ikarudi, mara nyingi bakuli lake linakauka. Jeti kubwa zaidi hapo italikausha upesi zaidi.

Floti, yaani boya la ndani ya bakuli: kimo cha mafuta ndani ya bakuli kinagusa sehemu zote za mkono kwa wakati mmoja. Ukiona umebadilisha jeti zote na injini bado ina mafuta mengi kila mahali, angalia floti na kile kivalvu chake kidogo. Chomeka mpira unaopitisha mwanga kwenye tundu la kumwagia la bakuli, uinue ubavuni mwa kabureta, fungua koki na skrubu ya kumwagia: mafuta yatasimama kwenye mpira kwa kimo kilekile kilicho ndani. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji.

Moto: CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha plagi) za kiwandani nyingi zina kikomo cha mizunguko. Injini ikigonga kikomo hicho inamisi, na mlio wake unafanana sana na wa mafuta kuzidi. Kama inakata kwenye mizunguko ileile kila gia, hata ukiwa umevuta nusu mkono tu, acha kabureta.

Eya klina: iwe safi, na kama ni ya sponji iwe imepakwa mafuta yake, kama itakavyotumika siku zote. Anayeseti na eya klina chafu atajikuta na injini yenye hewa nyingi siku atakapoiosha.

Sehemu za mkono

Bandika kipande cha tepu nyeupe kwenye nyumba ya mkono wa mafuta na kingine kwenye mkono wenyewe. Chora mstari mmoja upande usiozunguka. Upande unaozunguka weka alama ya mkono ukiwa umefungwa, thumuni (moja ya nane), robo, nusu, robo tatu na wote. Kabla ya kuchora ondoa ulegevu wa waya, bakiza milimita 2 hadi 6 tu za kuchezea. Usitegemee hisia za kiganja: wengi wanaosema "nilikuwa nusu" walikuwa kwenye robo tatu.

Kutoka kufungwa hadi thumuni, anayetawala ni jeti ndogo, ile wengine huiita pailoti, pamoja na skrubu ya hewa. Kutoka thumuni hadi robo ni ule mkato wa chini ya slaidi upande wa eya klina. Robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi: unene wake mwanzoni, kisha mchongoko wake na mahali klipu inayoishikilia ilipokaa. Kuanzia robo tatu hadi mkono wote ni jeti kubwa. Mipaka hii inaingiliana. Jeti ndogo haizimi ghafla kwenye thumuni, inaendelea kuchangia kidogo kidogo hadi juu, ila sauti yake inapotea.

Mafuta ya sindano hupita kwanza kwenye jeti kubwa. Ukiseti sindano kabla ya jeti kubwa, siku utakayobadilisha jeti kubwa sindano nayo inaweza kuhama. Mpangilio ninaoufuata ni huu: sailensa ya muda ili injini iwake na kukaa, kisha jeti kubwa, kisha sindano, kisha kurudi chini kumalizia jeti ndogo na skrubu. Kila hatua badilisha kitu kimoja tu, na ukiandike kwenye karatasi, hata kama unaona utakumbuka.

Vitu vya kuwa navyo

Jeti kubwa za namba tano au sita zinazofuatana na jeti ndogo tatu, za kampuni ileile iliyotengeneza kabureta. Namba 100 ya kampuni moja si lazima ipitishe mafuta sawa na 100 ya nyingine, kwa hiyo usichanganye mifuko. Bisibisi bapa inayojaa kabisa kwenye mfereji wa jeti, maana shaba ni laini na mfereji ukishaharibika utalia. Plagi mpya mbili. Chombo cha kukingia mafuta, kitambaa, kizima moto.

Usitoboe jeti kwa keekee ili kuiongeza. Utapata tundu usilojua ukubwa wake, lenye kingo zisizo laini, na namba iliyoandikwa juu itakudanganya wewe na yeyote atakayeifungua baada yako. Kuisafisha pia usitumie waya wa chuma. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unapita bila kukwaruza.

Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu, na stoo iliyofungwa hujaa upesi.

Hatua ya 1: sailensa ya muda

Tambua kwanza skrubu yako ni ya aina gani. Ikiwa upande wa eya klina, hiyo ni skrubu ya hewa: kuifungua kunaongeza hewa, mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, mbele ya slaidi, hiyo inapitisha mafuta: kuifungua kunaongeza mafuta. VM na PWK zina ya kwanza. Ukizichanganya utakuwa unakwenda kinyume saa nzima.

Ifunge polepole hadi iguse, bila kuikaza, maana ncha yake inaharibika haraka. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, ipashe moto hadi injini iwe na joto la kazi kabisa, zima choki, pandisha sailensa kwa skrubu yake hadi injini ikae bila kuzima. Hapa hutafuti uzuri, unatafuta tu pikipiki ya kwenda kujaribu.

Hatua ya 2: jeti kubwa

Anza na jeti ambayo unajua ni kubwa mno. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, namba mbili au tatu juu ya ile iliyokuja na kabureta ni mahali pa kuanzia. Mafuta yakizidi injini inakuwa mvivu na plagi inakuwa nyeusi. Hewa ikizidi ukiwa mkono wote, kichwa kinapata joto kali na pistoni inaweza kutoboka. Kosa la kwanza linasafishika.

Tafuta njia ndefu iliyofungwa isiyo na watu, vaa helmeti na glavu, na panda mwinuko kidogo kama upo ili injini ifanye kazi kweli. Gia ya tatu au ya nne, mkono wote, acha ipande hadi juu.

Ikiwa inaguruma kwa kukatakata, haitaki kumaliza mizunguko, na moshi mweusi unatoka nyuma, mafuta yamezidi. Shuka namba moja. Ikiwa inapanda kwa sauti nyembamba kavu, nguvu inapepea kama inasukumwa na kuachwa, au inagonga kama chuma kinapigwa ndani, achia mkono mara moja, rudi nyumbani kwa robo, ongeza namba mbili.

Kati ya hapo kuna jaribio moja linalosema ukweli kuliko masikio. Ukiwa mkono wote na injini imepanda, rudisha mkono kidogo tu, kama thumuni moja, kwa upole. Kwa muda mfupi slaidi ikishuka mchanganyiko unapata mafuta zaidi. Kama injini inaruka mbele kidogo, ilikuwa na njaa: jeti ni ndogo. Kama inasita au inamisi, jeti ni kubwa. Kama inapungua nguvu kidogo tu, taratibu, umefika. Tuseme ulianza na 105 ikakatakata, ukaweka 100 ikaruka mbele uliporudisha mkono. Jibu ni 102.5, na kwa injini itakayokaa mkono wote muda mrefu mimi ningebaki na 105 kama kukatakata kwake ni kwa juu kabisa tu.

Kabureta nyingi za aina hii zina kizibo kikubwa chini ya bakuli. Ukikifungua jeti kubwa iko hapohapo na huna haja ya kutoa kabureta nzima. Funga koki kwanza, weka chombo, na uache injini ipoe, kwa sababu bakuli lililojaa linamwagika karibu na bomba la ekzosi.

Hatua ya 3: sindano

Sasa endesha ukiwa umeshika alama ya nusu mkono, gia ya katikati, kwenye njia tambarare. Ivute kutoka robo hadi robo tatu polepole, halafu haraka. Unatafuta mahali inaposita. Ikitetemeka na kulia "gurugurugu" mzito, mafuta. Ikiwa kavu, inasita halafu ghafla inashika, hewa. Ukiwa na shaka, vuta choki nusu kwa sekunde chache ukiwa kwenye mkono uleule: ikipata nafuu, ilikuwa na njaa, ikizidi kuharibika, ilikuwa imeshiba.

Sindano nyingi zina mifereji mitano ya klipu. Mitano hiyo hesabu kutoka juu, upande butu. Klipu ikiwa wa tatu ni katikati. Ukiishusha hadi wa nne, sindano inapanda, tundu linafunguka zaidi, mafuta yanaongezeka. Ukiipandisha hadi wa pili yanapungua. Watu hugeuza hili vichwani mwao kila mara: klipu chini, mafuta juu.

Kuifikia, fungua mfuniko wa juu wa kabureta. Slaidi itatoka nao ikining'inia kwenye waya na springi. Bana springi juu kwa kidole gumba hadi ubonge wa waya uonekane ndani ya slaidi, usukume pembeni kwenye nafasi yake pana, utatoka. Kwenye VM utaona kibati kidogo chini ya springi kinachokaa juu ya sindano. Inua kibati, toa sindano, hamisha klipu kwa koleo ndogo juu ya kitambaa, la sivyo itaruka na hutaiona tena. Ukirudisha, hakikisha kibati kimelala flati juu ya klipu. Kikikaa upande, sindano inachezacheza na kuelea, na utapata mafuta mengi yasiyotabirika ambayo utamlaumu kila mtu kwa ajili yake.

Slaidi irudi na mkato wake ukitazama eya klina, na mfereji wa ubavuni uingie kwenye pini ya mwili wa kabureta. Isukume hadi chini kwa kidole, uisikie ikigonga. Ukiirudisha kinyume haifiki chini, na injini ikiwaka inapanda mizunguko yote mara moja. Kabla ya kuwasha, vuta mkono na uuachie, sikiliza ule mlio wa chuma "tak". Usikie kila ukigeuza usukani kulia na kushoto pia, maana waya uliopitishwa vibaya huvuta slaidi unapokata kona.

Kama mifereji yote mitano haikupi jibu, sindano yenyewe si ya kabureta ile, au tundu linalopitisha sindano limechakaa likawa la yai. Kabureta za bei rahisi zilizotumika misimu kadhaa huishia hapo: zinakula mafuta kwenye nusu mkono hata ukishusha sindano hadi mwisho.

Hatua ya 4: slaidi

Hapa wengi hawana haja ya kugusa. Mkato mkubwa unapitisha hewa zaidi, kwa hiyo namba kubwa ya slaidi ni mafuta machache. Kama umeweka sawa jeti ndogo na sindano lakini kuna shimo dogo kavu kati ya thumuni na robo ambalo haliondoki, slaidi yenye mkato mdogo zaidi itasaidia. Ni kipande cha gharama kuliko jeti. Ukijua hilo utajaribu vingine vyote kwanza.

Hatua ya 5: jeti ndogo na skrubu

Injini ikiwa na joto kamili, shusha sailensa hadi iwe chini kuliko unavyotaka. Kwa skrubu ya hewa, ifungue polepole robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri sekunde chache kila mara. Mizunguko itapanda, itafika kilele, kisha itaanza kushuka au kutikisika. Rudi kwenye kilele. Halafu weka sailensa unayoitaka kwa skrubu yake. Nyingi za injini hizi zinakaa vizuri kati ya 1500 na 1700 kwa dakika, ingawa kemshafti kali inaweza kudai zaidi.

Sasa hesabu skrubu iko mizunguko mingapi kutoka kufungwa. Ikiwa kilele kilipatikana chini ya mzunguko mmoja, injini inakuomba mafuta zaidi kuliko jeti ndogo inavyotoa: panda namba moja. Ikiwa ni zaidi ya miwili na nusu, jeti ndogo ni kubwa: shuka. Kwa skrubu ya upande wa injini, geuza sheria hiyo.

Jeti ndogo inajulikana zaidi ukiachia kuliko ukivuta. Piga resi uachie: mizunguko ikibaki juu ikielea kabla ya kushuka, hewa imezidi huko chini, au ipo hewa ya wizi. Ikishuka ikapita chini ya sailensa ikataka kuzima kisha ikajirudia, mafuta yamezidi. Ukishuka mteremko mkono umefungwa na ekzosi inapiga risasi mfululizo, hewa imezidi; mlio mmoja mmoja mdogo kwenye ekzosi iliyo wazi si ugonjwa. Kagua pia gasketi ya ekzosi kwenye kichwa, kwa sababu ikivuja inapiga risasi hata kabureta ikiwa safi.

Bado unabaki na ule mzamo wa kuvuta mkono ghafla. Kabureta nyingi za slaidi hazina pampu ya kurusha mafuta, kwa hiyo ukifungua mkono wote kwa mara moja kutoka sailensa, mafuta yanachelewa nyuma ya hewa. Kidogo cha hilo utakizoea. Kama inazama kabisa na kufa, ongeza mafuta kidogo kwenye jeti ndogo, na ikigoma, rudi ukasome tena sehemu ya ukubwa wa kabureta.

Kusoma plagi

Plagi uliyotoka nayo kazini haisomeki, imepita sailensa, choki na foleni. Weka mpya au iliyo safi, ipashe injini moto kwa plagi ya zamani, badilisha, nenda mkono wote gia ya juu kwa umbali wa kutosha, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na bonyeza swichi ya kuzima. Kwa pikipiki ya klachi ya otomatiki, zima, kisha toa gia. Usirudi ukiendesha, isukume.

Petroli isiyo na risasi inaacha rangi kidogo sana, kwa hiyo usitafute ile kahawia nzito inayosifiwa na wazee wa enzi za petroli yenye risasi. Tazama ndani kabisa, pale porcelaini inapokutana na chuma: pete nyembamba ya kijivu au kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu hadi kwenye ncha, mafuta yamezidi. Nyeupe kabisa yenye vidoa vinavyong'aa au malengelenge, simamisha kila kitu na uongeze jeti kubwa kabla ya kuwasha tena. Ute mweusi wa kioili ni wa ringi au mpira wa valvu, kabureta haihusiki.

Kwa stroku mbili

Oili inayolainisha pistoni inaingia na petroli. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi, joto linapanda na oili inapungua kwa pamoja, na pistoni inajam kwenye silinda kwa sekunde. Anza na jeti kubwa zaidi ya ilivyo kwa stroku nne na ushuke kwa uangalifu. Usibadilishe uwiano wa oili katikati ya kuseti: ukiongeza oili kwenye tangi, petroli inayopita kwenye jeti ileile inapungua, na injini uliyodhani umeilinda inakuwa kavu zaidi. Pia usishuke mteremko mrefu mkono umefungwa kwa mizunguko mikubwa. Vuta mkono kidogo kila baada ya muda ipate oili.

Hewa ikibadilika

Seti uliyoipata ni ya mahali ulipoipatia. Kila mita 1000 unazopanda, hewa inapungua uzito kwa takriban moja ya kumi, hivyo injini inakuwa na mafuta mengi na jeti kubwa inatakiwa kushuka namba moja au mbili. Ukishuka kutoka milimani hadi karibu na bahari, kinyume chake, na huo ndio mwelekeo wa hatari: badilisha jeti kabla ya kuendesha, usingoje kuona. Asubuhi yenye baridi kali hewa ni nzito kuliko mchana wa jua, nayo inaonekana hasa kwenye jeti ndogo. Robo mzunguko wa skrubu mara nyingi unatosha. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inataka jeti kubwa kidogo kuliko isiyo nayo, kwa hiyo seti kwa mafuta utakayotumia siku zote.

Andika kwenye tepu ndani ya kiti: jeti kubwa, jeti ndogo, mfereji wa klipu, mizunguko ya skrubu, kimo cha mahali na hali ya hewa ya siku hiyo. Jeti moja juu na moja chini ya uliyofunga zikae kwenye kifuko cha vifaa, pamoja na bisibisi iliyozitosha.